Kutupa Kabla ya Kupima

Ndugu msomaji, katika kurasa zilizotangulia nimezungumzia ndoa, mashamba na uongozi wa shule. Sasa nataka kuzungumzia kipanya cha kompyuta, kile ambacho vijana wanakiita mausi. Najua wapo watakaocheka kwamba mzee wa miaka sabini na ushei ameacha mambo ya uzeeni na kuingilia mambo ya watoto. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Nina ugomvi na desturi moja iliyoota mizizi nchini mwetu, desturi ya kutupa kitu kabla ya kupima ugonjwa wake. Ninaamini desturi hiyo imetoka madarasani, na sisi walimu ndio tulioipanda.

Nianze na kikao. Mwaka jana niliombwa kuwa mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari wilayani Bunda. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika shule yoyote. Shule hiyo ilikuwa imepata msaada wa kompyuta mpakato 12 zilizokwisha kutumika, kila moja na kipanya chake kisicho na waya. Zilikuja na mfumo endeshi wa Linux, wa aina iitwayo Ubuntu. Baada ya muhula mmoja tu, zote 12 zilikuwa zimerudishwa stoo, zimepangwa juu ya magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi.

Ajenda ya nne ya kikao ilitutaka tuidhinishe Sh. 360,000/=, yaani Sh. 30,000/= kwa kila mashine, ili fundi kutoka mjini aje afute Linux na kuweka Windows. Nikauliza kama hiyo Windows itakuwa na leseni. Watu wakatazamana, na mmoja akakohoa. Nikaelewa kwamba ni nakala ya kupenyeza. Basi nikauliza swali jingine.

"Mashine hizi zinaumwa nini?"

Mwalimu wa kompyuta akasimama kwa adabu. "Mwalimu, ni vipanya. Vinashika na kuachia. Mtoto anataka kufungua faili, mshale hauendi. Kipindi kinakwisha hawajaandika hata mstari."

"Na sababu yake?"

"Sababu ni Linux, Mwalimu."

"Umejuaje?"

"Inajulikana, Mwalimu. Linux haielewani na vifaa."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba daktari amekwisha kusoma majibu ya maabara. Lakini hapakuwa na maabara yoyote. Palikuwa na neno moja tu, "inajulikana". Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba kijana yule alipita mikononi mwangu. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu alichosomea, na cheti chake kina saini yangu. Niliposikia "inajulikana" nilisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia.

Nikaomba wiki tatu. Nilikuwa na sababu ya pili ya kuomba hivyo, nayo ni kwamba kompyuta yangu nyumbani Musoma ilikuwa na ugonjwa uleule.

Nieleze hali yangu. Kitabu hiki unachokisoma nimekiandika kwenye kompyuta mpakato aliyoninunulia binti yangu, nayo pia inatumia Ubuntu. Vidole vyangu vina baridi yabisi, siwezi kutumia kile kibao cha kugusa kilichoko chini ya vitufe. Kipanya ndicho mkono wangu. Kinapokataa, sura haiandikwi. Na mtu wa umri wangu hana uhakika wa misimu mingi mbele yake, kwa hiyo kila jioni inayopotea ina thamani. Nami nilikuwa nimekwisha kuanza kusema, kama wenzangu wa bodi, kwamba mashine hii imeshindikana.

Mjukuu wangu anayesoma chuo Mwanza alikuwa likizo. Nikamwita. Tukakubaliana kwamba yeye atashika mashine nami nitashika kalamu. Nilichukua daftari la kurasa 40, nikachora safu tatu: tulichobadilisha, tulichokiona, na maana yake. Tukaweka sheria moja, kwamba hatutabadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Mwalimu yeyote wa sayansi anaijua sheria hiyo, ingawa wengi wetu tuliifundisha ubaoni bila kuitumia maishani.

Kwanza tuliandika dalili. Nilizoea kusema "kipanya kinasumbua", kama mgonjwa anayemwambia mganga "naumwa mwili mzima". Mjukuu alinibana. "Babu, kinasumbua namna gani? Lini?" Tulipokitazama kwa makini tukaona dalili mbili. Ya kwanza, ukikiacha kitambo kifupi kisha ukakisukuma, hakiitikii mpaka ukibonyeze, ndipo kinaamka. Ya pili, mara nyingine mshale unarukaruka na kukwama hata wakati unakitumia mfululizo. Kwa miezi mingi nilikuwa nimezifunga dalili hizo mbili katika kifurushi kimoja na kukipa jina moja.

Tukaanza na jambo rahisi, betri. Tukanunua mpya dukani. Dalili zote mbili zikabaki. Tukaandika: si betri.

Siku iliyofuata nilipanda gari la Butiama kwenda kwa rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye ana kompyuta yenye Windows. Tukachomeka kipokezi cha kipanya changu, kile kidude kidogo kama ukucha kinachoingia kwenye tundu la USB na kupokea mawimbi. Kipanya kikafanya kazi vizuri mchana kutwa. Rafiki yangu akapiga makofi. "Si nilikwambia? Linux!"

Hapo ndipo watu wengi wanapoishia, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Jaribio lile lilituonyesha kwamba kipanya ni kizima. Halikutuonyesha kwamba Linux ni mbovu, kwa sababu tulikuwa tumebadilisha vitu vingi kwa mpigo: mfumo, mashine, matundu, hata meza. Mtu akihama nyumba na homa ikapona, huwezi kusema ni paa lililomponya. Huenda nyumba ya zamani ilikuwa na mbu.

Nilirudi Musoma na kipanya cha waya nilichoazima kwa yule rafiki. Tukakichomeka kwenye mashine yangu. Ajabu! Nacho kilizimia kikiachwa kidogo, taa yake ikafifia, kikaamka kilipobonyezwa tu. Lakini hakikurukaruka hata mara moja. Tukaandika kwenye daftari kwamba usingizi hauhusiani na mawimbi, kwa kuwa hata chenye waya kinalala. Kurukaruka huenda kunahusiana na mawimbi. Sasa tulikuwa tumethibitisha kwamba magonjwa ni mawili.

Jaribio la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ubuntu inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Mjukuu akaandaa flashi hiyo, tukawasha. Mashine ileile, kipanya kilekile kisicho na waya, Linux ileile. Kipanya hakikulala tena! Nilikiacha nikaenda kunywa chai, niliporudi kikaitikia mara moja. Hivyo kilicholaza vipanya kilikuwa mpangilio fulani uliowekwa ndani ya mashine yangu, maana Linux yenyewe ilikuwa palepale kazini na haikulaza kitu. Lakini kurukaruka kukawa kubaya zaidi kuliko siku zote.

Mjukuu akatafuta ndani ya mashine. Amri iitwayo lsusb inaorodhesha vifaa vyote vilivyochomekwa, na amri iitwayo dmesg inaonyesha shajara ya mashine, kila kilichotokea tangu iwashwe. Kisha kila kifaa cha USB kina faili dogo liitwalo control, katika folda iitwayo power, na ndani yake mna neno moja. Likiwa ni on, kifaa hakilali. Likiwa ni auto, mashine ina ruhusa ya kukilaza kisipotumika. La kipokezi changu lilikuwa auto. Nani aliliandika? Tukakuta programu iitwayo PowerTOP, iliyotengenezwa na kampuni ya Intel kwa ajili ya kubana matumizi ya umeme, ikiwa imepangwa kujiendesha kila mashine inapowashwa. Yenyewe inapita kwenye vifaa vyote na kuviruhusu vilale vikikaa kimya kwa sekunde 2. Aliyeniandalia kompyuta aliiweka kwa nia njema, ili betri idumu umeme ukikatika. Hakufikiri kwamba kipanya nacho ni kifaa, na kwamba mzee akifikiri neno la kuandika anakaa zaidi ya sekunde 2.

Tiba ilikuwa mstari mmoja. Hatukuiondoa PowerTOP, maana umeme wenyewe tunaujua. Tuliongeza amri moja inayofuata baada yake, ya kurudisha kile kipokezi katika on. Ugonjwa wa kwanza ukapona, na haujarudi mpaka leo.

Ugonjwa wa pili ulijifichua wenyewe katika lile jaribio la flashi. Mbona kurukaruka kulizidi? Kwa sababu flashi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu lililo ubavuni mwa kipokezi. Nikakumbuka kwamba hata zamani mshale uliruka hasa nilipokuwa nikihamishia sura za kitabu kwenye flashi. Sababu yake inajulikana, na safari hii nalitumia neno hilo kwa haki. Vipanya vingi visivyo na waya vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Matundu na vifaa vya USB 3.0, ambavyo mara nyingi vina rangi ya buluu ndani, vinapofanya kazi hutoa kelele ya mawimbi katika eneo hilohilo. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Kipokezi kilicho karibu na kelele hiyo hakisikii vizuri, kama mtu anayejaribu kuzungumza karibu na mashine ya kusaga. Na hilo halibagui Windows wala Linux. Rafiki yangu wa Butiama hakuliona kwa sababu siku ile hakuchomeka flashi pembeni. Tukahamishia kipokezi kwenye tundu jeusi la upande wa pili. Kurukaruka kukakoma. Kwa mashine isiyo na tundu la pili, waya mfupi wa kurefushia USB unatosha kukisogeza kipokezi mbali na kelele.

Kazi yote ilichukua jioni tatu na safari moja ya Butiama.

Baada ya wiki tatu nikarudi Bunda na daftari langu. Sikwenda kumwaibisha yule mwalimu. Nilimwomba tukae naye stoo na wanafunzi wanane wa kidato cha tatu, kabla ya kikao. Akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akiwa na wasiwasi. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Leo sina jibu. Nina maswali tu." Tukazichukua mashine moja moja. Katika mashine 12, nane zilikuwa na ugonjwa wa usingizi kama wangu, kwa kuwa aliyeziandaa alitumia mpango uleule kwa zote. Mashine tatu zilikuwa na jambo la kuchekesha. Vipokezi vilikuwa vimechanganywa ndani ya boksi, na vipanya vya bei nafuu kama vile kila kimoja kinamjua mwenzake tu aliyetoka naye kiwandani. Watoto walikuwa wakisukuma kipanya hiki, mshale ukienda kwenye meza ya jirani. Msichana mmoja ndiye aliyegundua hilo, kabla ya mwalimu wake na kabla yangu. Akapendekeza vipakwe rangi ya kucha, kila jozi rangi yake. Na mashine moja, ya mwisho, kipanya chake kilikuwa kibovu kweli. Kilianguka, ndani kimepasuka. Hicho tulikitupa, na sikuona uchungu kukitupa, kwa sababu tulikuwa tumekipima.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu, maana zilisemwa kikaoni na zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza: "Mzee ana muda, sisi hatuna." Ni kweli nina muda. Lakini baada ya kuujua ugonjwa, kila mashine ilichukua dakika chache. Anayesema hana muda wa kupima amekuwa na muda wa kuziacha mashine 12 stoo kwa muhula mzima. Tena kufuta na kuweka mfumo mpya katika mashine 12 ni kazi ya siku nzima au zaidi, na vile vipokezi vilivyochanganyika vingebaki vimechanganyika. Fundi angelipwa Sh. 360,000/=, na wale watoto wa mashine tatu wangeendelea kusukuma mishale ya jirani. Hapo tungesema nini? Pengine tungesema Windows nayo haielewani na vifaa.

Hoja ya pili: "Ofisini wanatumia Windows, watoto wetu watakuwa wageni." Hii ni hoja ya haki. Kama bodi inaamini hivyo, iseme wazi, itafute fedha za leseni halali, na tuijadili kama sera. Ninachokataa ni kumsingizia kipanya ili kupata tulichokitaka tangu mwanzo. Wala sitakubali shule, inayofundisha Uraia asubuhi, iwafundishe watoto kutumia nakala za wizi mchana.

Hoja ya tatu: "Mambo haya yote yako kwa Kiingereza." Ni kweli, nami nilihitaji mjukuu. Lakini tusisahau kwamba mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na waliweza kwa sababu zilikuwa za wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzitafsiri. Lugha yetu haikushindwa. Tulioshindwa ni sisi tulioacha kuidai kazi ya namna hiyo iendelee mpaka ifike shuleni kwetu.

Na hapo ndipo ilipo maana ya Linux kwa mtu maskini. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, akaiweka hadharani ili wengine waisome na kuirekebisha. Ubuntu ilitolewa mwaka 2004 kwa mpango ulioanzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lake ni neno la Kibantu ambalo hata Mjita wa Majita hahitaji kamusi kulielewa. Ni utu. Huu ni mfumo unaokubali kuulizwa. Shajara yake iko wazi na mipangilio yake inasomeka. Lakini mfumo unaokubali kuulizwa hauna faida kwa mtu asiyefundishwa kuuliza. Ukimpa mtu huyo bure, ataulipia fundi aufute.

Niseme sasa lawama yangu kubwa, nami ninajiweka wa kwanza katika orodha ya washtakiwa.

Hapa Musoma tunaukumbuka mwaka 1974 kwa sababu Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini kwetu mwezi Novemba na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za Serikali zilizokuwa zikifanywa kwa mashine kuvurugika. Siwadharau walioamua hivyo. Fedha za kigeni zilikuwa chache na nchi ilikuwa na njaa ya mambo mengine. Lakini kuzuia mashine hakukutupa mtu hata mmoja wa kutueleza kwa nini hesabu zilivurugika. Mashine ilizuiwa, ujinga wa sababu ukaruhusiwa kubaki.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Azimio lile lilikuwa jambo kubwa na jema, na watoto wengi ambao leo ni madaktari na wahandisi wasingeliona darasa bila hilo. Lakini tulipojaziwa watoto zaidi ya sabini katika chumba kimoja, na vitabu vya kuhesabu kwa vidole, tulikimbilia njia rahisi. Tuliwafanya waimbe majibu. Baadaye nilipofika chuo cha ualimu, ambako madarasa yalikuwa madogo na sikuwa na kisingizio tena, niliendelea na mazoea hayohayo. Nilitunga mitihani ya "Taja sababu tano". Mwanachuo aliyetaja tano alipata alama zote. Sikumbuki hata mwaka mmoja nilipompa mwanachuo redio iliyokufa, au pampu isiyovuta maji, nikamwambia, "Tafuta sababu moja, kisha nithibitishie kwamba ndiyo." Nilizalisha watu wa kutaja. Yule kijana alipoulizwa sababu akataja, na kwa kipimo changu cha zamani alistahili alama zote.

Wala siwezi kusema hatukuambiwa. Nilipokuwa Butiama siku ile, nikitembea na rafiki yangu jirani na alikozikwa Mwalimu Nyerere, tulikumbushana andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967. Sisi wengi tulilikumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Tulisahau kwamba miongoni mwa shabaha alizoziweka ni kumjengea mtoto akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyarekebisha mambo kulingana na mahitaji yake. Tulichukua jembe, tukaacha udadisi. Jembe lilikuwa rahisi kukaguliwa.

Matokeo yake tunayaona kila mahali. Pampu ya kijiji ikisimama, tunaandika barua ya kuomba nyingine. Pikipiki ikikohoa, fundi anabadilisha plagi, kisha kabureta, kisha koili, mpaka anakigusa kilichokufa kwa bahati, na mwenye pikipiki analipia vyote. Simu ikipoteza chaji, tunanunua nyingine. Kila badala ya kupima ina bei, na bei hiyo wanailipa wasio nacho. Sh. 360,000/= katika shule ya kijijini ni vitabu, ni chaki, ni madawati.

Kikao kilimalizika hivi. Bodi haikuidhinisha fedha zile za fundi. Iliidhinisha waya 12 za kurefushia, betri, kipanya kimoja kipya na kabati lenye kufuli. Wapo wajumbe wawili ambao bado wanaamini Linux ndiyo mbaya, na sikuweza kuwageuza. Darasa linaendelea, na ukutani pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili na wanafunzi wenyewe. Ina maswali sita: Dalili ni ipi hasa? Inatokea lini? Betri je? Kipokezi ni chake? Kuna kitu gani kimechomekwa jirani yake? Umebadilisha kitu kimoja tu?

Tulipokuwa tukitoka, yule mwalimu alinisindikiza mpaka kituo cha magari. Alikuwa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira, "Mwalimu, mbona kule chuoni hukutufundisha hivi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikufundisha kwa sababu hata mimi sikufundishwa, na kwamba hilo linaeleza kosa langu lakini halilifuti. Gari likaja, nikapanda.

Kwa hiyo ninawaomba walimu walio kazini, hasa wanaowaandaa walimu wengine, wafanye jambo moja dogo muhula ujao. Waingie darasani na kitu kibovu kimoja: redio, kufuli, taa ya sola, au kipanya. Wakiweke mezani. Wasitoe sababu, na wasikubali kupewa sababu isiyo na ushahidi. Wasubiri. Kipindi cha kwanza kitakuwa kigumu, na wanachuo watawaona hamnazo. Wavumilie kimya hicho, kwa maana mimi nilikikimbia kwa miaka zaidi ya thelathini, na nimeona mwisho wake ukiwa stoo, juu ya magunia ya mahindi.